Mnara ni mmoja, foleni ni mbili

Mhariri,

Kila laini ya simu ya bei nafuu inapotajwa, hutokea wasemaji wawili. Wa kwanza anadai kampuni ndogo zina minara mibovu. Wa pili, ambaye mara nyingi ni wakala, anadai kwa kuwa zinatumia minara ya kampuni kubwa, huduma ni ileile, bei tu ndiyo imeshuka. Wa kwanza amekosea kabisa, kwa sababu kampuni hizo hazina mnara hata mmoja. Wa pili amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowatia watu hasara. Tunaomba nafasi tueleze nusu iliyobaki.

Kwa Kenya jambo hili lina zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2014 Mamlaka ya Mawasiliano ilizipa leseni kampuni tatu za aina hii: Finserve Africa ya kundi la benki ya Equity, Zioncell na Mobile Pay. Zote tatu zilikwenda kupanga kwa Airtel. Laini ya Finserve ndiyo Equitel tunayoijua leo, ile ya nambari zinazoanza kwa 0763, 0764 na jirani zake. Ng'ambo mpango huu ni wa zamani zaidi. Virgin Mobile ilianza Uingereza Novemba 1999 juu ya mtandao wa One2One, na ndugu zetu wanaotua London leo hukutana na giffgaff iliyo juu ya O2, Lebara iliyo juu ya Vodafone na SMARTY iliyo juu ya Three kabla hawajajua basi la kwenda mjini linapita wapi.

Biashara yenyewe ni ya jumla na rejareja. Kampuni yenye minara, tuiite mwenyeji, huuza kwa jumla dakika, SMS na megabaiti. Kampuni isiyo na minara, tuiite mgeni, hununua, hutia jina na rangi zake, kisha huuza kwa bei ya rejareja. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya jembe. Huyu hupewa ankara tangu siku ya kwanza. Atakayetaka kuliona neno hilo la jumla kwa macho yake atazame mipangilio ya intaneti ya laini ya Mint Mobile huko Marekani, iliyo juu ya mtandao wa T-Mobile: pale penye APN, yaani jina la mlango wa kuingilia intaneti, pameandikwa “Wholesale”, neno la Kiingereza la “jumla”. Hawakujisumbua hata kulificha.

Lakini wageni hawalingani, na hapa ndipo wengi hupotea. Ndani ya kila kadi ya simu (SIM) mna nambari ya hadi tarakimu 15 ambayo mteja haioni. Tatu za mwanzo ni za nchi: 639 ni Kenya, 640 ni Tanzania, 234 ni Uingereza. Zinazofuata ni za kampuni: 02 baada ya 639 ni Safaricom, 03 ni Airtel. Simu ikiwashwa husikiliza minara iliyo karibu, na kila mnara hutangaza bila kunyamaza tarakimu za nchi na za kampuni yake. Simu ikisikia zinazolingana na za kadi, hubisha hodi. Mtandao huiuliza swali, yaani nambari ya kubahatisha yenye biti 128. Kadi hujibu kwa kutumia ufunguo wa siri uliotiwa ndani yake ilipotengenezwa, na nakala ya ufunguo huo imo katika daftari kuu la wateja. Majibu yakifanana, mlango hufunguliwa.

Sasa swali ni daftari hilo ni la nani. Mgeni mwepesi hana daftari. Kadi zake zina tarakimu za mwenyeji, funguo ziko kwa mwenyeji, na hata mlango wa kutokea kwenda kwenye intaneti ni wa mwenyeji. Kadi ya giffgaff, kwa mfano, husomeka 234-10, ambayo ni O2 yenyewe. Mgeni kamili ana daftari lake, mlango wake na tarakimu zake. Lycamobile ya Uingereza ina 234-26. Kati ya hao wawili wamo wengi wa katikati, wenye mtambo wao wa kukata salio lakini wasio na daftari, na kadhalika.

Tofauti hiyo si ya mafundi peke yao. Mteja wa mgeni mwepesi anapopiga simu huduma kwa wateja, anayepokea ana skrini yenye vitufe vichache: kuona salio, kuweka kifurushi, kufunga laini iliyoibwa, kuisajili upya kwenye mtandao. Mnara uliozimika haoni. Analoweza ni kuandika tikiti, yaani taarifa ya hitilafu, na kuipeleka kwa mwenyeji, ambako itapanga mstari pamoja na tikiti za wateja wa mwenyeji mwenyewe. Ukitaka tikiti yako isirudishwe kwa maswali, toa kila kitu mara moja: mtaa na jengo, saa kamili, nambari uliyopiga, kama simu ilionyesha 4G au 3G, na muhimu kuliko yote, kama laini ya mwenyeji ilifanya kazi mahali hapo wakati huohuo. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linalomwambia fundi aanzie kwenye mnara au kwenye daftari.

Tofauti ya pili huonekana wawili hao wakigombana. Mgeni mwepesi akitaka kuhamia kwa mwenyeji mwingine, kadi zote alizouza inabidi zibadilishwe, mteja mmoja mmoja. Mwenyeji analijua hilo, na huliweka mezani bila kulitamka kila mkataba unapofika wakati wa kujadiliwa upya. Mgeni kamili anaweza kuhama na kadi zilezile. Ila daftari na mlango ni mitambo ya gharama, yenye mafundi wa usiku na mchana, na kampuni yenye wateja wachache haiwezi kuibeba.

Tuje kwenye kasi, ambako ndiko lawama nyingi zilipo.

Mnara wa 4G hugawa nafasi ya hewani upya kila milisekunde moja. Anayegawa ni programu iliyo ndani ya mtambo wa mnara, na kila muunganisho una lebo inayomwambia mgawaji uzito wake. Lebo hiyo inaitwa QCI, na zile za msingi huanzia 1 hadi 9. Sauti inayopita juu ya 4G hupewa 1, ishara za kuunganisha simu hupewa 5, na data ya kawaida huangukia kati ya 6 na 9, ambako nambari ndogo ndiyo nzito. Marekani, ambako wateja wameyachunguza mambo haya kwa miaka, inajulikana kwamba AT&T na Verizon huweka wengi wa wateja wao wa mkataba kwenye 8 na wageni wengi kwenye 9; T-Mobile imekuwa ikitumia 6 na 7. Kwenye 5G jina limebadilika kuwa 5QI, mantiki ni hiyohiyo.

Mnara ukiwa na nafasi, lebo haina kazi: wa 8 na wa 9 wote hupata wanachotaka. Mnara ukijaa, kama mtaa wa Eastleigh saa mbili usiku au uwanja wa Kasarani siku ya mechi, mgawaji humtazama kwanza mwenye lebo nzito. Mgeni hupata makombo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na vijiti vinne vya mtandao na ukurasa usifunguke. Vijiti hupima nguvu ya ishara ya rejea ambayo mnara huitoa kwa kila mtu sawasawa. Havipimi fungu lako. Kuvitazama vijiti ili kujua kasi ni kama kutazama ukubwa wa sufuria ili kujua kama utashiba.

Foleni isichanganywe na kikomo cha kasi, ambacho ni kitu kingine kabisa. Kikomo huandikwa katika daftari la wateja dhidi ya laini yako, mathalani megabiti 10 kwa sekunde, na hukufuata hata saa tisa usiku mnara ukiwa mtupu. Foleni huuma wakati wa msongamano tu. Kuna na jambo la tatu, mlango wa intaneti. Mgeni kamili aliyeweka mlango wake katika nchi nyingine hulazimika kusafirisha data yako hadi huko na kuirudisha. Faili kubwa litashuka vizuri tu, lakini simu ya video itachelewa, na tovuti zitadhani uko ugenini. Wanaonunua kadi za kidijitali (eSIM) za wasafiri wamelizoea hilo: wako Zanzibar, matangazo yanawajia kwa lugha ya Ulaya.

Haya yote yanaweza kupimwa na mtu yeyote mwenye laini mbili, ya mgeni na ya mwenyeji wake, na simu moja. Simu iwe ileile, kwa sababu simu mbili tofauti zinaweza kushika masafa tofauti. Kaa mahali pamoja, usisogee. Kwenye Android nenda kwenye maelezo ya simu, hali ya laini, usome nguvu ya ishara kwa dBm. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Ikiwa ni -85 au karibu na hapo, ishara ni nzuri. Ikishuka hadi -110, tafuta mahali pengine, maana utakuwa unapima kuta za nyumba. Zima Wi-Fi. Pima kasi mara tatu kwa laini ya kwanza, weka hali ya ndege kwa sekunde kumi, hamia laini ya pili, pima mara tatu. Rudia saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku, siku mbili au tatu.

Zote mbili zikiwa taabani usiku, mnara umezidiwa, na kuhama kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwenyeji hakutakusaidia. Tafuta kampuni yenye mnara mwingine. Zikilingana alfajiri na ya mgeni ikaanguka usiku, hiyo ni foleni. Ya mgeni ikigota kwenye takwimu ileile kila saa, 5 au 10 bila kupanda, hicho ni kikomo, na kipo kwenye maandishi madogo ya kifurushi. Kasi zikiwa sawa lakini muda wa kuitika (ping) ukawa mrefu mara mbili tatu kwa mgeni, mlango uko mbali. Na ikiwa ya mwenyeji inaonyesha 4G huku ya mgeni ikibaki 3G palepale, ama kadi ni ya zamani, ama mkataba wao haukununua 4G. Kadi hubadilishwa dukani kwa dakika chache. Mkataba haubadilishwi dukani.

Hitilafu inayokera zaidi haina uhusiano na mnara. Ni nambari za uthibitisho zinazotumwa na benki, ofisi za serikali na programu za simu, ambazo humfikia jirani na wewe hazikufikii. Ujumbe wa aina hiyo hautoki simu kwa simu. Benki humkabidhi dalali wa SMS, naye huangalia tarakimu za mwanzo za nambari yako katika jedwali lake ili ajue aupeleke kampuni gani. Jedwali likiwa la zamani, nambari za mgeni hazimo, au zinaonekana ni za mwenyeji kwa njia ambayo mgeni hajaunganishwa nayo. Ujumbe hupotea kimya, na benki huandika kwamba umetumwa. Balaa hilohilo humpata aliyehama kampuni akabaki na nambari yake, jambo lililoruhusiwa Kenya tangu Aprili 2011: jedwali linasoma tarakimu za mwanzo, nambari imeshahamia kwingine. Kuzima na kuwasha simu hakuponyi kitu hapa. Lalamika pande mbili kwa pamoja, kwa mgeni na kwa yule aliyetuma, ukitaja jina la mtumaji kama linavyoonekana kwenye SMS na saa ulipoomba nambari. Upande mmoja ukilalamikiwa peke yake hurusha mpira kwa mwingine. Menyu za kubonyeza nyota nazo ni hivyohivyo. Nambari fupi husajiliwa kampuni kwa kampuni, kwa hiyo inayoitika kwa mwenyeji inaweza kukujibu kwamba ni batili kwa mgeni.

Kinachofuata kwa kukera ni APN. Simu za Android huja na orodha ya mipangilio ya kampuni za dunia nzima, na huchagua kwa kusoma tarakimu za kadi. Kadi ya mgeni mwepesi ina tarakimu za mwenyeji, kwa hiyo simu hudhani ni laini ya mwenyeji na kuweka APN isiyo yake. Kadi zilizoandaliwa vizuri huwa na alama ya ziada ndani, jina la kampuni au namba ya kundi, ambayo orodha huitumia kumtenga mgeni na mwenyeji. Simu za bei ya chini zenye orodha ya zamani huipita bila kuiona. Dalili yake ni moja: simu inapiga na kupokea, SMS zinaingia, data haifanyi kazi. Ingiza APN ya mgeni kwa mkono, herufi kwa herufi, bila nafasi mwishoni (nafasi hiyo isiyoonekana imepoteza saa za watu wengi), hifadhi, ichague, kisha weka hali ya ndege na uitoe. Lebara ya Uingereza hutumia uk.lebara.mobi, giffgaff hutumia giffgaff.com. Ukipiga simu na sauti haitoki kabisa, usiguse APN. Tatizo liko pengine.

Hilo pengine mara nyingi ni sauti ya 4G. Kupiga simu juu ya 4G, yaani VoLTE, hutaka mambo matatu yakubaliane: mwenyeji amruhusu mgeni, laini iwashiwe kwenye daftari, na simu iwe na faili la mipangilio linalomtambua mgeni huyo. Kwa iPhone faili hilo hutoka Apple, si kwa kampuni ya simu. Moja likikosekana, simu hushuka hadi 3G au 2G kila unapopiga, data hupungua kasi au hukatika ukiwa unaongea, na kuunganisha huchukua sekunde kadhaa. Mtu alikuwa akivumilia hilo hadi kampuni za Uingereza zilipoanza kuzima 3G. Vodafone na EE walimaliza mapema 2024, Three wakafuata. Mteja wa mgeni asiye na VoLTE juu ya Vodafone alibaki na 2G ya kupigia. Kwa Three hata 2G haipo. Huku kwetu 3G bado inawaka, lakini haitawaka milele, na anayenunua laini kwa ajili ya mzazi mwenye simu ya zamani aulize hilo kabla ya kulipa.

Kuhusu kadi nyembamba za Equitel tutasema kidogo tu, maana zimeshazungumzwa sana. Ilikuwa ni utando wa unene wa takriban milimita 0.1 unaobandikwa juu ya laini ya kawaida, ili simu ya laini moja ibebe mbili. Safaricom ilipinga, ikisema kitu kinachokaa katikati ya kadi na simu kinaweza kusoma kinachopita, nambari za siri za pesa zikiwemo. Mamlaka iliruhusu majaribio ya mwaka mmoja mwaka 2014. Simu za laini mbili zilipokuwa za kawaida, hoja yenyewe ilipungua uzito.

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwa nini benki ijiingize katika biashara hii. Faida ya dakika ni ndogo mno. Chukua dakika inayouzwa kwa Sh2 kodi zikiwemo. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, kiwango cha Sheria ya Fedha ya 2023, na juu yake VAT ya asilimia 16, huacha kama Sh1.50. Ukipiga kwenda kampuni nyingine, kuna ada ya kupokelewa: ilikuwa senti 99 hadi 2022, ikawa senti 58 mwezi Agosti mwaka huo, na Machi 2024 ikashushwa hadi senti 41. Kwa kiwango hicho imebaki Sh1.09. Kutoka hapo mlipe mwenyeji bei ya jumla, mlipe wakala, tengeneza kadi, lipa wanaopokea simu za malalamiko. Kinachosalia hakijengi jengo. Benki haihitaji kijenge. Inachotaka ni menyu yake ndani ya kadi, ambayo mteja hufanyia malipo bila kupitia mlango wa kampuni ya simu inayoshindana nayo. Benki ya Capitec ya Afrika Kusini ilifanya hivyo Septemba 2022 juu ya Cell C, kampuni ya simu ya huko, ikauza megabaiti 100 kwa randi 4.50 bila tarehe ya kuisha. Na Cell C mwenyewe ameshazima minara yake, akawa anatumia ya MTN na Vodacom. Mpangaji amepangisha chumba, kama ilivyo katika ploti nyingi za Nairobi.

Kwa mgeni asiye na benki nyuma yake, hatari kubwa ni bei ya mwenyeji mwenyewe. Mwenyeji anauza kwa jumla kwa mgeni na wakati huohuo anauza rejareja kwa wateja walewale. Akishusha kifurushi chake hadi karibu na bei ya jumla, mgeni amekwisha bila mkataba kuvunjwa. Mgeni anayenunua kwa megabaiti ana mtego mwingine: akitangaza kifurushi kisicho na kikomo, mteja mmoja anayepakua filamu usiku kucha hula faida ya wateja wengi wanaosoma habari tu. Hapo ndipo yanapozaliwa maandishi madogo ya “matumizi ya haki”, kwamba baada ya gigabaiti kadhaa utashushwa kasi. Wajerumani walitumia njia nyingine mwaka 2014, Telefónica ilipoinunua E-Plus: Tume ya Ulaya iliitaka iuze hadi asilimia 30 ya uwezo wa mtandao wake kwa wageni, kwa fungu na si kwa megabaiti. Drillisch, mmoja wa wageni hao, ilichukua fungu hilo. Leo imo ndani ya 1&1, ambayo Desemba 2023 iliwasha mtandao wake yenyewe. Hispania ilikuwa imeshawalazimisha wenye minara watatu kuwafungulia wageni mlango tangu 2006. Marekani haikulazimisha, na tunaona kilichotokea: Verizon iliinunua TracFone, mgeni mwingine, Novemba 2021, T-Mobile ikainunua Mint Mei 2024. Jina limebaki kwenye pakiti, mgeni amekuwa mtu wa nyumbani.

Tunachoomba kwa Mamlaka si kikubwa. Pakiti ya laini, au ukurasa wa kwanza wa programu kwa wanaonunua kadi ya kidijitali, iandike jina la mwenyeji, vizazi vya mtandao vilivyomo kwenye mkataba pamoja na VoLTE, kikomo cha kasi kama kipo, na kama data ya mteja hutangulizwa au huachwa nyuma mnara unapojaa. Marekani lebo ya namna hii, yenye bei, kasi na kiungo cha sera ya kusimamia msongamano, imekuwa lazima kwa kampuni kubwa tangu 10 Aprili 2024 na kwa ndogo tangu Oktoba mwaka huo. Tungeongeza mstari mmoja ambao lebo yao haina: mkataba wa mgeni na mwenyeji ukiisha, mteja atapewa siku ngapi za kuhamisha nambari na kutoa pesa zake.

Na upimaji wa ubora uwahusishe wageni. Kipimo kilichochukuliwa kwa laini ya mwenyeji hakisemi lolote kuhusu anayesimama nyuma yake kwenye foleni. Magari ya kupima mtandao hubeba simu kadhaa kwa safari moja. Kuongeza moja yenye laini ya mgeni, ikapimwa barabara ileile saa ileile, hakutaki gari jipya wala dereva wa pili.

Mafundi wa mitandao ya simu,
Nairobi